Vitabu 1,300, flashi tatu na bando lisilotosha: jibu kwa mwalimu wa Nansio

Swali lilikuja hivi:

“Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa Biolojia sekondari, huku Nansio, Ukerewe. Nina vitabu vya kielektroniki kama 1,300. Vingine PDF, vingine EPUB, vingine hata sijui ni nini. Viko kwenye flashi tatu, diski moja ya nje, simu, na laptopu ya zamani ya Windows 7. Nikihitaji kitabu natafuta nusu saa, nikichoka nakipakua upya, na bando ndilo hilo. Nimepanga mafolda mara tatu, mara tatu yamevurugika. Kuna programu ya bure ya kuvipanga? Na je, walimu wenzangu wanaweza kuvisoma kwa simu zao bila kila mtu kununua bando? Na hizi PDF zote, nizigeuze ziwe EPUB?”

Marahaba, mwalimu. Swali lako limenichekesha kidogo, kwa sababu diski yangu nayo ilikuwa na folda inaitwa “Vitabu”, ndani yake “Vitabu vipya”, ndani yake “Vitabu vipya 2”, na humo ndani kabisa “Panga baadaye”. Hiyo baadaye ilichukua miaka.

Programu ipo, inaitwa Calibre. Hulipii chochote, na itakwenda hata kwenye hiyo Windows 7 yako ukichukua toleo linalofaa. Walimu wenzako nao watasoma kwa simu bila bando; nitafika huko. Ila nikuambie mapema jambo moja: Calibre haitakupangia vitabu. Itakupa daftari zuri la kuviandikisha, na kuandika ni kazi yako. Watu niliowaona hapa Mwanza wakiiacha baada ya wiki ni wale waliomwaga humo vitabu elfu kwa mkupuo mmoja, wakarudi wakakuta elfu hiyo hiyo, sasa ikiwa kwenye orodha ndefu yenye majina ya ajabu ajabu.

Kwanza tuone kwa nini mafolda yamekushinda. Chukua kitabu kimoja kuhusu samaki wa Ziwa Victoria: sangara alivyoletwa, furu walivyopungua, dagaa wanavyozaliana. Utakiweka folda gani? Biolojia? Uvuvi? Kidato cha Sita, mada ya ikolojia? Folda inakubali jibu moja tu, kitabu kina majibu matatu. Kwa hiyo unakinakili mara tatu, au unakiweka mahali pamoja leo na kesho unakitafuta kwingine. Maktaba za karatasi zililiona tatizo hili zamani sana. Ukiingia maktaba ya mkoa, kitabu kinakaa rafu moja tu, lakini kwenye katalogi unakipata kwa jina la mwandishi, kwa jina la kitabu na kwa mada. Rafu ni shauri la mkutubi, wewe msomaji shida yako ni katalogi. Calibre inafanya kazi kwa mtindo huo huo: faili linakaa mahali pamoja, na kadi zake ni nyingi utakavyo.

Aliyeianzisha ni Kovid Goyal, mwaka 2006, Sony walipotoa kifaa cha kusomea kiitwacho PRS-500 ambacho hakikuwa na programu yake kwa watumiaji wa Linux. Mwanzoni iliitwa libprs500, na jina la Calibre likaja mwaka 2008. Msimbo wake uko wazi, na ipo ya Windows, macOS na Linux. Nakutajia historia hii kwa sababu ukiifungua utaona sura yake: vitufe vikubwa vya rangi rangi, menyu ndani ya menyu. Haikutengenezwa na watu wa urembo. Vumilia.

Kuhusu toleo. Calibre kuanzia toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, haikubali tena Windows 7 wala 8, wala kompyuta za biti 32. Wewe pakua toleo la 5.44 kutoka kwenye tovuti yao wenyewe. Matoleo ya zamani yote wameyahifadhi hapo. Utakosa kitu kimoja cha maana, nacho ni kutafuta neno ndani ya maandishi ya vitabu vyako vyote kwa pamoja, ambako kulianza na hilo la 6. Mengine yote nitakayoyasema yamo. Faili la kusakinishia ni zito kwa bando la kijijini, kwa hiyo siku ukivuka kuja Mwanza lipakue huku, ulibebe kwenye flashi. Likishapakuliwa halihitaji intaneti kusakinishwa.

Ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza maktaba iwekwe wapi. Tengeneza folda moja tupu, iite Maktaba, iwe kwenye diski ya laptopu yenyewe na si kwenye flashi. Hapo ndipo Calibre itakapohifadhi kila kitu: folda ya kila mwandishi, ndani yake folda ya kila kitabu na namba yake, na ndani ya hiyo kuna faili la kitabu, picha ya jalada na kifaili kidogo cha taarifa. Katalogi nzima iko kwenye faili moja linaloitwa metadata.db.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu wengi hawaambiwi. La kwanza, Calibre haihamishi kitabu, inakinakili. Ukiingiza kitabu kutoka kwenye flashi, cha kwenye flashi kinabaki pale pale. Hii ni salama, lakini ina maana kwamba nafasi ya diski itatumika mara mbili mpaka utakapothibitisha na kufuta vya zamani. La pili, ile folda ya Maktaba usiiguse kwa mkono. Usibadilishe jina la folda ndani yake, usihamishe faili, usifute. Mimi jioni moja niliona folda mbili za mwandishi mmoja, moja yenye herufi ndogo, nikaziunganisha mwenyewe kwenye Windows nikijiona mjanja. Kesho yake Calibre ilikuwa inanionyesha vitabu vyote kwenye orodha, nikibofya inasema faili halipo. Mlangoni jina lipo, chumbani mtu hayupo. Kuna kipengele cha kukagua maktaba, “Check library”, kilichonionyesha nini kimepotea wapi, lakini kurudisha kimoja kimoja kulinigharimu Jumapili nzima. Ukitaka kubadilisha jina, libadilishe ndani ya Calibre, yenyewe itahamisha folda.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Usianze na diski ya nje. Anza na flashi yenye vitabu vichache kuliko zote. Ingiza vitabu 50, vimalize, kisha ingiza 50 vingine. Kwa vitabu 1,300 hizo ni jioni 26. Najua inaonekana nyingi, lakini wale wa mkupuo mmoja hawamalizi kabisa.

Tuchukue faili moja tulifanyie kazi. Nina hakika unalo la namna hii: Scan0043_FINAL(2).pdf. Ukiliingiza, Calibre inachungulia ndani ya faili kutafuta jina la kitabu na mwandishi. PDF nyingi za kwetu ndani zimeandikwa upuuzi: jina la kitabu “Microsoft Word - Document1”, mwandishi “user” au “HP”. Hilo ni jina la kompyuta ya aliyechapa, si la mwandishi. Kwa hiyo kwenye orodha yako kitatokea kitabu cha bwana HP. Kichague, bonyeza herufi E kwenye kibodi, dirisha la taarifa linafunguka. Pembeni fungua kitabu chenyewe ukurasa wa mwanzo, usome. Tuseme ni mwongozo wa kukausha dagaa kwenye chanja badala ya mchangani. Andika jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa ndani, maana la jaladani mara nyingi limefupishwa. Andika mwandishi, kama hakuna mtu, andika taasisi iliyotoa. Weka lugha: Swahili. Weka mwaka. Weka lebo mbili au tatu: Uvuvi, Uhifadhi wa chakula. Bofya sawa. Dakika moja na nusu, ukizoea ni chini ya hapo, na bwana HP ameondoka.

Kama mafaili yako tayari yana majina ya maana, mathalani “Misingi ya Jenetiki - Fulani.pdf”, kuna njia ya mkato. Kwenye mapendeleo, sehemu ya kuongeza vitabu, ondoa tiki kwenye kusoma taarifa kutoka ndani ya faili, uiambie isome jina la faili. Kwa kawaida inategemea jina la kitabu, kistari, kisha mwandishi. Kwa PDF za mitaani ninaiacha hivyo muda wote. Kwa EPUB, fomati iliyotengenezwa kwa ajili ya vitabu, ninairudisha, kwa kuwa EPUB nyingi ndani zimeandikwa vizuri.

Majina ya waandishi ndipo penye mateso halisi. Calibre kwa mtu yeyote yule inadhani neno la mwisho ni jina la ukoo, kwa hiyo Shaaban Robert unamwona ameandikwa Shaaban Robert lakini amepangwa kwenye herufi R, kama “Robert, Shaaban”. Kwa Mwingereza hilo ni sawa. Kwetu sisi, ambako jina la pili mara nyingi ni la baba tu, mwanafunzi anamtafuta Shaaban kwenye S, hamwoni, anasema kitabu hakipo. Na bado kuna mafaili yanayomwita S. Robert, mengine Sh. Robert, mengine Robert Shaaban, na kwa Calibre hao ni watu wanne tofauti.

Dawa ni mbili. Ya kuunganisha majina ni rahisi: kwenye orodha ya kushoto, chini ya waandishi, bofya kulia kwenye jina lililokosewa, chagua kubadilisha jina, andika lile sahihi. Kama lile sahihi tayari lipo, vitabu vyote vinahamia huko na wale watu wanne wanakuwa mmoja. Ya kupanga iko ndani zaidi: kwenye mapendeleo, sehemu iitwayo “Tweaks”, kuna mstari unaoanza na author_sort_copy_method. Badilisha neno comma liwe copy, hifadhi, funga Calibre na uifungue upya, kisha nenda kwenye usimamizi wa waandishi uiambie ikokotoe upya mpangilio wa majina yote. Sasa kila mtu yuko kwenye herufi ya jina lake la kwanza. Wakutubi waliosomea watanuna. Mimi nimeweka copy, kwa sababu ninaowahudumia ni wasomaji wa hapa.

Na kitu kidogo kinachowaangusha wengi: kitabu chenye waandishi wawili, majina yao yatenganishe kwa alama ya &, siyo kwa mkato. Ukiweka mkato Calibre inadhani ni mtu mmoja aliyeandikwa ukoo kwanza.

Utaona kitufe cha kupakua taarifa kutoka mtandaoni. Kwa vitabu vya Kiingereza vya wachapishaji wakubwa kinafanya kazi nzuri, kinaleta hadi jalada. Kwa vitabu vya Kiswahili kitakusumbua: ama hakioni kitu, ama kinakuletea kitabu kingine chenye jina linalofanana na kukibandika kwenye chako. Ukitaka kukitumia, kipe kwanza ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu. Iko nyuma ya ukurasa wa jina, na ukiona baada ya 978 kuna 9976 au 9987, hicho kimesajiliwa Tanzania; 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Angalia kilichokuletea kabla ya kukubali. Na lebo zinazokuja na taarifa hizo zikatae zote. Utajikuta na lebo mia tatu za Kiingereza ambazo hukuziomba, kila moja ina kitabu kimoja.

Lebo zako mwenyewe ziwe chache. Ziandike kwenye karatasi kabla hujaanza, ishirini zinatosha, na amua tangu mwanzo ni “Mmea” au “Mimea”, kwa sababu zote mbili zikiwemo utapoteza nusu ya vitabu kila utakapotafuta. Kwa darasa, usitumie lebo. Tengeneza safu yako mwenyewe, uiite Kidato. Calibre inaruhusu kuongeza safu upendazo, ukishaongeza itakuomba ifungwe na kufunguliwa upya. Mimi huwa naongeza nyingine, Chanzo, naandika kitabu nilikipata wapi: nilinunua, nilipewa na mwandishi, nilipakua kwenye tovuti ya wazi. Utaona baadaye kwa nini. Vitabu vya kiada vinavyofuatana, cha kwanza hadi cha nne, vipe mfululizo mmoja na namba, vitajipanga vyenyewe.

Ukifika hapo, raha inaanza. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika tags:uvuvi and formats:epub, na vitabu vya uvuvi vinavyosomeka vizuri kwenye simu vinabaki peke yao. Utafutaji unaourudia rudia unaweza kuuhifadhi kama maktaba pepe: “Biolojia Kidato cha Tano”, kwa mfano. Haihamishi kitu chochote, ni dirisha tu. Kile kitabu cha sangara na furu kitaonekana kwenye madirisha yote matatu, na faili ni moja.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa ujumbe, kama ugeuze PDF zote ziwe EPUB. Hapana. Calibre ina kigeuzi kizuri sana, EPUB kwenda fomati za Kindle, kile kifaa cha kusomea cha Amazon, na kurudi hakina shida. Lakini PDF ni karatasi iliyopigwa picha ya mpangilio: haijui aya ni nini, inajua herufi hii iko hapa. Ukiigeuza utapata namba za kurasa katikati ya sentensi, majedwali yaliyomwagika, mistari iliyokatwa kama imepigwa na panga. Kwa kitabu cha Biolojia chenye michoro ya seli ndiyo usijaribu kabisa. Iache PDF iwe PDF. Na zile zilizoskaniwa, kurasa zilizopigwa picha tu, hazina herufi hata moja ndani. Hakuna utafutaji utakaoona kitu humo mpaka zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure na inakijua Kiswahili. Inachukua muda na kompyuta yako itapumua kwa shida, kwa hiyo fanya kwa vile vitabu vitano sita unavyovitegemea kweli.

Nakala zinazojirudia. Kwa mazoea yako ya kupakua upya, nakisia theluthi ya hizo 1,300 ni marudio. Usiyafute kabla. Ingiza kwanza, kwenye mapendeleo ya kuongeza vitabu washa ile ya kuunganisha vitabu vinavyofanana, na uichague iwe inapuuza fomati iliyokwishapo. Baadaye ongeza kiongezi kiitwacho Find Duplicates, hakiji na Calibre lakini kinapatikana ndani yake ukiwa na intaneti. Kinaweza kulinganisha majina yanayokaribiana na hata mafaili yenyewe baiti kwa baiti. Usikiachie kifute chenyewe bila kuangalia: toleo la kwanza na toleo la pili la kitabu kimoja yanafanana jina, na la pili ndilo lenye marekebisho.

Tuje kwenye chumba cha walimu, ambako nadhani ndiko moyo wako uliko.

Ndani ya Calibre kuna seva ndogo. Kwenye kitufe cha kuunganisha na kushiriki, chagua kuwasha seva ya vitabu. Laptopu yako na simu za wenzako zote ziunganishwe kwenye hotispoti ya simu moja. Data ya simu hiyo izime kabisa, haihitajiki. Hotispoti hapa ni waya tu usioonekana. Calibre itakuonyesha anwani, tarakimu zenye nukta kisha :8080. Mwalimu mwenzako anaiandika kwenye kivinjari cha simu yake, na maktaba yako yote inafunguka, majalada na kila kitu. Anachagua, anapakua, na hakuna hata kilobaiti moja ya bando iliyotumika, kwa sababu kitabu kimetoka kwenye meza hii kwenda meza ile. Mara ya kwanza Windows itauliza kama iruhusu. Ruhusu, la sivyo mtakaa mkilaumu simu. Na hotispoti ya simu ina kikomo cha vifaa, kwa hiyo wapokezane.

EPUB wanaweza kuisoma pale pale kwenye kivinjari. PDF waambie waipakue, kwa sababu ikisomwa kupitia seva inageuzwa kwanza, na nimeshakueleza kugeuzwa kwa PDF kunavyokuwa. Kwenye simu za Android, ReadEra inafungua fomati karibu zote na haina matangazo. Anayependa kuchokonoa mipangilio mwelekeze KOReader.

Umeme ukikatika, na kisiwani unakatika, seva inaendelea mradi laptopu ina chaji na simu ya hotispoti ina chaji. Nimeona semina ya walimu ikiendelea hivyo gizani, kila mtu na mwanga wa simu yake usoni.

Kabla hujawasha seva hiyo, tengeneza maktaba mbili, siyo moja. Calibre inaruhusu maktaba nyingi na unahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kubofya. Moja iwe yako binafsi, nyingine iwe ya shule. Hapa ndipo ile safu ya Chanzo inapokuja kusaidia. Ulivyonunua wewe, na vile ulivyopewa kwa matumizi yako, vibaki upande wako. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na waandishi wetu hawauzi kiasi cha kuvumilia nakala za bure kwenye kila simu. Vya shule viwe vile vilivyo huru kweli: vitabu vya Project Gutenberg ambavyo hakimiliki imekwisha, hadithi za African Storybook ambazo zipo hata kwa Kiswahili na zimetolewa kwa leseni ya wazi, na nyaraka ambazo taasisi zenyewe zimeziweka ili zisambazwe. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania waelekeze wenzako kwenye maktaba mtandao ya taasisi yenyewe. Seva unaweza kuiwekea majina ya watumiaji na nywila, na kumfungia kila mmoja asione maktaba isiyo yake. Vitabu vya Kindle vyenye kufuli, Calibre yenyewe haivifungui. Utaviona kwenye orodha lakini havitageuka wala kusomeka kwingine. Usipoteze usiku kwa ajili hiyo.

Kama una makala za utafiti, zile PDF za kurasa kumi za majarida, zitoe humu. Zipeleke Zotero, nayo ni ya bure, imetengenezwa kwa kazi hiyo na itakuandalia orodha ya marejeo ukienda kusoma shahada ya uzamili. Calibre ni ya vitabu. Ukichanganya makala mia nne humo utaichukia. Zotero mpya nazo hazipendi Windows 7, kwa hiyo hilo lisubiri laptopu nyingine.

Sasa usalama, maana ukishaandikisha jioni 26 hutataka kuanza upya. Nakala rudufu ya Calibre ni kitu rahisi kuliko unavyodhani: funga programu, nakili folda nzima ya Maktaba kwenda diski ya nje. Basi. Kila Ijumaa. Hata lile faili la katalogi likiharibika, kile kifaili kidogo kilichomo kwenye folda ya kila kitabu kina taarifa zake, na Calibre ina sehemu ya kujenga upya katalogi kutokana navyo. Usiiweke folda hiyo kwenye huduma ya mtandaoni inayosawazisha yenyewe na kisha ukaifungua kwenye kompyuta mbili. Moja itaandika juu ya nyingine na katalogi itachanganyikiwa. Waandishi wa Calibre wenyewe wanaonya juu ya hilo.

Na nakala ya pili isikae mfuko mmoja na laptopu. Kuna mtu aliniletea diski hapa dukani Kirumba, alikuwa amevuka nayo kwa mtumbwi ikiwa imefungwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, mawimbi ya mchana yakaingia. Laptopu ilikuwa kwenye begi lile lile. Nilivikausha vyote viwili, laptopu ikaamka, diski haikuamka tena. Alikuwa na picha za harusi ya dada yake humo. Wewe diski moja iache Nansio nyumbani, nyingine iache kwa ndugu hapa mjini, na unapovuka na meli ubebe laptopu tu.

Zile flashi tatu usizifute mpaka uwe umeingiza vitabu vyake, umefungua kama kumi hivi kwa kubahatisha ukaona vinafunguka, na umekwishachukua nakala rudufu ya Ijumaa mbili. Vile vya fomati usiyoijua, angalia herufi za mwisho za jina la faili. Kama ni mobi, azw3, fb2, djvu au lit, Calibre inavipokea. Kama ni exe, hicho si kitabu, usikifungue hata kama kimeandikwa jina la kitabu unachokitafuta kwa hamu. Na kikiwa hakina herufi zozote za mwisho, nitumie nikione.